Ukurasa wa Pili wa Barua ya Mkuu

Na ijulikane kwa wote, waliopo na watakaozaliwa, ya kwamba siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, Barua Rasmi ya Mapendekezo ilitiwa saini na Mkuu wa Karakana ya Viungo Bandia, kwa kalamu ya wino wa bluu, kwa akili timamu na mbele ya mashahidi.

Mashahidi wenyewe walikuwa miguu ya bandia kumi na minne iliyopangwa rafuni ikisubiri wateja wake. Meza ya kusainia ilikuwa mgongo wa Dada, maana meza halisi ilikuwa imejaa plasta mbichi. Na kuhusu akili timamu, Mkuu wakati huo alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, akigombana na fundi bomba.

"Nimesema choo kinavuja, sijasema kinatiririka! Inama kidogo, binti. Siyo wewe, fundi, wewe usiiname popote, wewe njoo! Haya, wapi tena?"

"Ukurasa wa pili, Mkuu."

"Wa pili huu hapa. Tayari."

Akapiga muhuri, akapuliza wino, akatoka na ugomvi wake. Hakusoma hata neno moja.

Kwenye kiti cha wagonjwa alikaa Kitinda, amejiziba mdomo kwa mikono miwili ili kicheko kisimtoke. Alikuwa na miaka kumi na sita, kitindamimba wa nyumba yenye mabinti wawili, yuko likizo kutoka shule ya bweni. Na barua ile, kuanzia tarehe mpaka nukta ya mwisho, ilikuwa kazi ya mikono yake.

Ili haki itendeke, tuanze na Dada. Dada alikuwa fundi wa miguu ya bandia, na kama mikono ingeweza kupewa shahada, yake ingekuwa imepewa mbili. Alijua kukichukulia kigutu cha mtu vipimo kwa bandeji ya plasta, kukitengenezea kikombe cha kuingia, kukilainisha kwa tupa mpaka mgonjwa asisikie mahali panapomfinya. Tatizo lilikuwa magoti. Karakana ilikuwa na magoti ya aina mbili: lisilokunjika kabisa, na linalokunjika wakati usiotakiwa. Kwa hiyo Dada alipogundua kwamba kuna Mpango wa Kimataifa wa Wataalamu Vijana, unaochukua watu kumi na wawili kila mwaka na kuwapeleka kufanya kazi kwenye karakana za nje, na kwamba moja ya karakana hizo inatengeneza magoti yanayopanda ngazi, alikaa chini sakafuni. Kisha akasoma masharti. Mwombaji awe hajatimiza miaka ishirini na saba. Dada alikuwa na miaka ishirini na sita na miezi kumi na moja. Ama mwaka huu, ama basi.

Fomu alijaza mwenyewe. Kilichomshinda ni barua ya mkuu wa kazi.

Inafaa kueleza hapa desturi tukufu ya karakana ile. Mkuu hakuwa akiandika barua. Ukimwendea na shida yoyote ya karatasi, alikuwa na jibu moja: "Andika mwenyewe, mimi nitasaini." Watu walijiandikia likizo, wakajiandikia ruhusa za kwenda mazishini, wakajiandikia hata sifa za kupandishwa cheo. Dereva wa gari la hospitali, alipochelewa mara ya nne, aliambiwa ajiandikie barua ya onyo, na kwa kuwa alikuwa mtu mnyofu alijionya vikali mno hadi akakaa wiki nzima amenuna.

Sasa Dada hakuwa na kipaji cha kujisifu. Kwa siku tatu alikaa na karatasi, akapata sentensi moja: *Mwombaji huyu hufika kazini.*

"Hebu nipe," alisema Kitinda siku ya nne. "Wewe unajiandikia kama marehemu asiyependwa."

"Utaweza?"

"Dada, unaongea na nani?"

Hapo hakuwa akijitapa bure. Bwenini Kitinda alikuwa mwandishi mkuu wa barua za kuomba radhi. Aliyeruka ukuta, aliyelala darasani, aliyeficha redio ndani ya gunia la unga, wote walimjia, na kwa vijiko vinne vya sukari aliwaandikia barua za toba zilizomfanya mwalimu wa zamu atafute kitambaa. Inasemekana msichana mmoja alisamehewa kosa ambalo hakuwa amelifanya bado.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa heshima tupu. Kitinda aliandika juu ya mikono ya Dada, juu ya wagonjwa walioingia karakana wakiwa wamebebwa na kutoka wakiwa wanagombania mlango. Alipomaliza aliusoma mara mbili, akakitazama kitanda cha Dada. Kisha akageukia ukurasa wa pili, ambapo fomu ilitaka mkuu wa kazi aeleze, *kwa ukweli na bila kuficha*, udhaifu wa mwombaji. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa naye. Yule mzee si hasomi? Basi tuone kama hasomi kweli. Atasaini, watacheka yeye na Dada mpaka mbavu ziwaume, halafu ukurasa safi, ambao ameuandika tayari na kuuweka kwenye begi, utatolewa na kusainiwa vilevile bila kusomwa. Huo ndio ulikuwa mpango, na juu ya karatasi haukuwa na dosari.

Dosari ilikuwa Dada. Kwanza, alikuwa haoni raha kusoma sifa zake. Alisoma mistari mitatu ya juu, akajifunika uso kwa kanga, akasema, "Basi, basi, inatosha, naona aibu." Pili, alikuwa na hofu ya umeme kukatika. Mwisho wa kutuma ulikuwa saa sita mchana, na saa nne na dakika kumi na mbili, kabla Mkuu hajafika hata mlangoni, Dada alishapiga picha kurasa zote mbili kwa simu na kidole chake kiko hewani.

"Dada, ngoja kwanza," alianza Kitinda.

"Imeenda!" alisema Dada, akaruka kama mtoto. "Mdogo wangu, imeenda!"

Kitinda akafumba mdomo. Begi lilikuwa magotini pake. Hakulifungua.

Wiki tatu alijipa moyo kwamba watu wakubwa hawasomi. Kama Mkuu mmoja hasomi, wakuu kumi watasoma vipi? Wiki ya nne, jibu likaja.

Dada alikuwa amechaguliwa katika ishirini wa mwisho. Jopo liliandika kwamba limeguswa sana na barua ya mkuu wake, ambayo haifanani na nyingine yoyote waliyopokea, na kwamba lingependa kuongea naye ana kwa ana, kwa kompyuta, pamoja na mwombaji, Alhamisi saa tano.

Mama yao, mshonaji wa sare za shule, hakuweza kulibeba jambo hilo peke yake. Alilitangaza huku pini zikiwa mdomoni. "Nyoosha mkono, mwanangu. Unajua binti yangu anaitwa na dunia? Usipumue, napima kifua." Kufikia Jumatano, kila mtoto mwenye sare mpya mtaa mzima alijua kwamba fundi wa miguu anaondoka.

"Sijui uliandika nini humo," Dada alimwambia Kitinda, akimkumbatia mpaka akakosa pumzi, "lakini Mungu akuweke."

Kitinda alitaka kusema. Alifungua mdomo mara tatu siku hiyo, na mara zote tatu alichotoa ni kikohozi. Dada akamchemshia tangawizi.

Alhamisi saa nne alikuwa karakana kabla ya Dada. Alimkuta Mkuu ofisini amevaa tai, anajitazama kwenye kioo cha simu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mtoto. Tai imekaa?"

"Imekaa. Mkuu, samahani, ile barua ya Dada... uliisoma?"

Mkuu akageuka polepole kama mlango wa benki. "Barua nisaini mimi, na muhuri wangu, halafu nisiisome? Unanionaje wewe?"

"Kwa hiyo unajua kilichomo?"

"Neno kwa neno."

"Hata ukurasa wa pili?"

"Hasa wa pili! Ule ndio nilioupenda."

Kitinda akakosa pa kushika. Alikuwa anatafuta namna ya kumvua mzee joho la uongo bila kumvua nguo zote, mara sauti ya Dada ikasikika uani. Dada alikuwa amemwamuru abaki nyumbani, asije akamcheka akamtoa mchezoni. Kitinda akajitosa nyuma ya rafu ya miguu, akachuchumaa, akapumua kwa zamu.

Kompyuta ikawashwa. Upande wa pili walitokea watu watatu: mama mmoja mwenye miwani, anayeongea Kiswahili kilichonyooka kama rula, bwana mwenye ndevu, aliyezima kipaza sauti na kutikisa kichwa tu, na kijana anayeandika kila kitu, hata salamu.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Dada aliulizwa kuhusu magoti akajibu kwa mikono, akashika mguu, akaukunja, akaueleza mpaka bwana mwenye ndevu akasogea karibu na kioo. Kitinda nyuma ya rafu alianza kuamini miujiza.

"Sasa, Mkuu," alisema mama mwenye miwani. "Barua yako."

"Naam," alisema Mkuu, akanyoosha tai.

"Imetushangaza kwa ukweli wake. Unaandika hapa kwamba mwombaji hana adabu kwa mguu mbaya, kwamba usiponyooka anauita mpuuzi mbele ya mgonjwa."

Dada akakohoa. Mkuu akacheka kidogo. "Ndivyo alivyo. Hata mimi ameshaniita."

"Na kwamba alimrudisha bibi mmoja mara tano, kwa kuwa bibi alitembea vizuri lakini hakucheza vizuri."

"Yule bibi!" alisema Mkuu, akapata nguvu. "Mara ya sita alicheza hapo hapo mlangoni. Tulifunga kazi."

"Vizuri. Halafu unaendelea, nanukuu: *Nami ninayesaini hapa chini sina neno la kumwambia, kwa sababu kila siku baada ya chakula hulala chumba cha plasta, juu ya magunia, kuanzia saa saba mpaka saa tisa, na kazi yangu huifanya yeye.*"

Feni ikasikika ikilalamika. Mkuu alitoa macho. Mama mwenye miwani akainua karatasi karibu na kamera, na pale chini, kubwa, ya bluu, yenye mkia kama wa nyani, ilikuwa saini yake.

Sasa mpeni mzee haki yake. Akisema si yeye aliyeandika, binti amekwisha, na yeye mwenyewe ameshikwa kwa kusaini asichokisoma. Akisema ni yeye, basi ni mvivu aliyejishtaki. Alimtazama Dada, ambaye uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya plasta.

"Si saa tisa," alisema Mkuu hatimaye, kwa hadhi. "Ni saa tisa kasoro dakika kumi."

Kijana akaandika.

"Tunashukuru kwa sahihisho. Na hapa mwishoni unasema: *Naahidi kutorudia kosa hili, na niko tayari kwa adhabu yoyote itakayotolewa na uongozi.* Kosa gani?"

Nyuma ya rafu, Kitinda alijipiga kofi kwenye paji la uso. Mkono! Mkono wake wa bwenini, uliozoea kufunga barua zote kwa namna moja, ulikuwa umeifunga na hii bila kumwuliza.

"La... la magunia," alisema Mkuu. Jasho lilianza safari kutoka kipara kwenda kwenye tai.

"Naona. Swali la mwisho, na utaniwia radhi, maana limezua mjadala kwetu." Mama mwenye miwani alivua miwani. "Unasema mwombaji huota usiku akiongea na magoti. Kwamba husema, *kaza, kaza, basi umezidi*. Na kwamba hupiga mateke. Mkuu, haya umeyajuaje?"

Dada aligeuza shingo taratibu, akamtazama mkuu wake wa kazi.

"Mimi?" alisema Mkuu.

"Wewe."

"Nimesikia."

"Ukiwa wapi?"

Bwana mwenye ndevu akawasha kipaza sauti kwa mara ya kwanza.

Kitinda alikuwa amevumilia mengi. Alivumilia kuona mzee akichekwa, maana mzee alijitakia. Lakini sasa Dada yake alikuwa amekaa mbele ya dunia nzima na tai ya mtu ikitetemeka pembeni yake, na swali lile limening'inia hapo chafu kama soksi, na kila sekunde likizidi kunuka. Akasimama. Aliposimama bega lake liligonga rafu, na miguu mitano ikashuka sakafuni kwa kelele kama jeshi lililopewa amri na mlevi.

"Ni mimi!" alisema. "Nimeiandika mimi. Mimi ni mdogo wake, tunalala chumba kimoja, na hayo mateke nayapata mimi. Mkuu hajui chochote. Mkuu hajui hata kilichomo!"

"Kitinda!" alisema Dada.

"Alisaini mgongoni kwako akiongea habari za choo, Dada, wewe mwenyewe ulikuwepo!"

Mama mwenye miwani alizivaa tena, akamtazama binti, akaitazama miguu iliyolala, akamtazama Mkuu. "Kwa hiyo barua hii hukuiandika."

"Sikuiandika."

"Na hukuisoma."

"Nimeisikia leo kwa mara ya kwanza," alisema Mkuu. Akaongeza, maana alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, "ni barua nzuri."

Wale watatu wakazima sauti zote, wakaanza kuongea midomo ikionekana tu. Dada hakumtazama mdogo wake. Alikuwa ameshika tupa, anaizungusha, anaizungusha. Kitinda alihesabu miezi iliyobaki kabla Dada hajatimiza ishirini na saba, akapata siku sita, akahesabu upya, zikawa zile zile.

Sauti ikarudi.

"Kwa taratibu zetu barua hii imebatilika," alisema mama mwenye miwani. "Lakini kikao kinafungwa saa saba. Mkuu akitaka, aandike nyingine sasa hivi, mbele ya kamera, kwa mkono wake. Asisaidiwe na mtu. Hasa na huyo wa nyuma."

Mkuu alitazama karatasi nyeupe iliyowekwa mbele yake. Miaka kumi na tisa alikuwa hajaandika kitu kirefu kuliko jina lake.

"Mnaanzaje hizi?" alinong'ona.

Alilegeza tai. Aliandika neno akalifuta, akatoa ncha ya ulimi, akaandika jingine. Dakika ishirini zilipita. Kijana wa upande wa pili alikunywa chai nzima. Mwisho Mkuu alisimama, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akasoma kama anasoma hukumu yake mwenyewe:

"*Binti huyu hufanya kazi yake na yangu. Akiondoka itanibidi niifanye yangu. Nimelifikiria jambo hili leo kwa mara ya kwanza, na sijalipenda hata kidogo. Mimi miguu nilijua kutengeneza, zamani, lakini sikuwahi kumrudisha mtu mara tano. Mchukueni.*"

Akaisaini. Safari hii aliisoma kwanza, yote, kidole kikifuata mstari.

Bwana mwenye ndevu alisema kitu kwa lugha yake, akapiga meza kwa kiganja. Mama mwenye miwani alisema watapata jibu Jumatatu, na kwamba yeye binafsi angependa kumwona yule bibi akicheza. Kioo kikawa cheusi.

Mkuu alijifuta shingo. "Mimi naenda chumba cha plasta," alitangaza. Akafika mlangoni, akasita, akarudi, akaokota mguu mmoja sakafuni na kuanza kuukagua kama mtu anayetafuta jina la rafiki wa utotoni.

Dada alimshika Kitinda mkono, akamtoa uani, akamkalisha juu ya ngazi ya kufanyia mazoezi wagonjwa. Yeye alibaki amesimama.

"Ule ukurasa safi ulikuwa nao?"

"Kwenye begi."

"Siku ile ile."

"Siku ile ile. Dada, ungeniona nilivyotaka kusema, nilikohoa mpaka ukanichemshia..."

"Usinichekeshe."

Bwenini Kitinda alikuwa na barua kwa kila kosa, zenye machozi mahali pake na aya ya wazazi mahali pake. Akatafuta moja. Hakupata hata ya kuanzia.

"Wiki tatu, Kitinda. Kama ulitaka kumcheka mzee, ungemcheka siku ile ile, ukanipa ukurasa mwingine. Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Wewe? Wewe uliyempigia mwalimu mkuu simu ukajifanya waziri?"

Uani palikuwa na mwanaume mmoja akijifunza kutembea kati ya vyuma viwili sambamba, hatua moja, anapumzika, hatua moja. Kitinda alimtazama yeye, maana kumtazama Dada kulikuwa kugumu.

"Nilipomaliza ukurasa wa kwanza niliusoma," alisema. "Ulikuwa mzuri, Dada. Nikaona utapata. Nikaona kabisa utaondoka, mimi narudi likizo nakuta kitanda chako kimetandikwa, hakina mtu. Ndipo nikaandika wa pili."

Dada alijifuta plasta viganjani.

"Na uliposema imeenda, nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Nilitaka ukose."

"Ulitaka nikose."

"Siyo mimi mzima. Kama robo yangu hivi."

"Robo?"

Mwanaume kati ya vyuma alipiga hatua nyingine, akajipongeza kwa sauti. Kitinda alijikuna goti, akatazama chini.

"Nusu," alisema. "Haya, ilikuwa nusu. Na siku moja, ile Mama alipoanza kuwatangazia watu, ilikuwa yote."